Je, niache cherehani zangu Kibuye nimfuate ndugu yangu asiyeona chuoni?

Fundi wa Kibuye ameandika:

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu waliopitia jambo hili wenyewe, kwa sababu nyumbani kila mtu ana neno lake na mimi usiku silali.

Nina ndugu yangu, kitindamimba wetu, ana miaka 19. Haoni tangu akiwa na miaka saba, alipougua surua. Amesomea shule ya wasioona ya Kibos, akafanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka jana na kupata B-. Kiswahili B+, Historia B. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wamempa nafasi ya kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia, kozi ile ile aliyoiweka ya kwanza. Siku ujumbe ulipoingia nilimsomea mara tatu, akaniambia nisome mara ya nne. Tulilia wote wawili pale kwenye meza ya kukatia vitambaa.

Sasa tatizo. Chuo chenyewe kiko mwendo wa saa mbili kwa matatu kutoka hapa Kondele, Kisumu. Nilipiga simu kuuliza wana mpango gani kwa mwanafunzi asiyeona. Aliyepokea alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mje na mtu wa kumshika mkono." Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema, "Mpaka amalize." Yaani miaka minne.

Mama yetu alishafariki. Baba yuko nyumbani Luanda, Vihiga, na miguu inamsumbua. Kwa hivyo huyo mtu wa kumshika mkono ni mimi. Nina miaka 27, nashona sare za shule nyuma ya soko la Kibuye. Nina cherehani mbili, moja yangu, nyingine nilinunua kwa mkopo wa chama na bado nailipia. Januari ndiyo mwezi wetu. Pesa za Januari ndizo zinazotubeba hadi Mei. Nikihama, cherehani nitamwachia nani? Na tukipanga chumba nje ya chuo, kodi itatoka wapi?

Baba mdogo anasema tuachane na chuo kikuu, kijana aende akajifunze kusuka viti, kwamba hiyo ndiyo kazi ya watu kama yeye. Alisema hivyo ndugu yangu akiwa amekaa hapo hapo. Hakujibu kitu, lakini siku mbili hakula vizuri, na ile redio yake ambayo haizimwi ilikuwa kimya.

Naombeni mniambie: ni lazima kweli mtu akae naye miaka yote minne? Halafu kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu hatujawahi kuchukua. Zimebaki wiki saba aripoti.

Msafiri wa Ahero amejibu:

Dada, hongera kwanza kwa kijana. Mimi nasema nenda naye. Kazi utapata nyingine, ndugu huwezi kupata mwingine. Cherehani moja unaweza kuibeba ukashonea nje ya geti la chuo, wanafunzi nao wana nguo za kurekebisha. Mungu atafungua njia.

Mwalimu wa Nukta amejibu:

Dada yangu, kabla hujafunga hizo cherehani, nisikilize kidogo. Ndugu yetu wa Ahero amesema kwa roho safi, lakini mimi nimewahi kuwa huyo anayeshikwa mkono, na nakuomba usihame.

Mimi sioni. Nafundisha Kiswahili na Dini katika shule ya upili ya kutwa, Kaunti ya Kakamega. Niliingia chuo kikuu mwaka 2012, enzi za JAB, bodi iliyogawa nafasi za vyuo vikuu wakati KUCCPS ilikuwa haijaanza. Sisi pia tuliambiwa tulete mtu. Binamu yangu akaacha kibanda chake cha mboga akaja. Alikuwa na moyo mwema sana huyo dada, sina la kumlaumu. Alinipeleka darasani, akanichotea maji, akanisomea vitini hadi sauti ikamkauka. Muhula mzima. Na muhula huo mzima sikupata rafiki hata mmoja.

Watu walikuwa wakizungumza naye yeye. Tukifika mahali pa chakula wanamuuliza, "Anakunywa ya maziwa ama ya rangi?" na mimi nimekaa pale na masikio yangu mazima. Wanafunzi wakijigawa kwa vikundi vya kazi, hakuna aliyeniita, kwa kuwa walijua nina mtu wangu. Muhula wa pili binamu akashikwa na malaria akarudi nyumbani wiki tatu. Asubuhi ya kwanza bila yeye nilikaa kitandani hadi saa sita mchana. Nilikuwa nimeishi kwenye hosteli ile karibu miezi minne na sikujua choo kiko upande gani ukitoka mlangoni. Alasiri msichana wa chumba cha pili akabisha hodi kuomba chumvi, akanikuta nalia. Nikamshika kiwiko, kama tulivyofunzwa shule ya msingi, tukatoka. Kwangu mimi chuo kikuu kilianza siku hiyo. Huyo msichana ndiye aliyenisimamia arusini.

Kwa hivyo wiki hizi saba nisingezitumia kutafuta chumba cha kupanga. Ningezitumia hivi.

Nendeni chuoni kabla ya siku ya kuripoti, siku mbili tatu za katikati ya wiki. Siku ya kuripoti kuna foleni, magodoro, wazazi, masanduku yamezagaa njiani. Hawezi kujifunza njia siku hiyo. Aje na fimbo yake nyeupe, na akisimama wima ncha ya juu imfike kifuani. Kama ni ile ya darasa la nane imeshakuwa fupi, anapinda mgongo bure. Mchague njia chache tu: kutoka kitandani hadi chooni, kutoka hosteli hadi mahali pa kula, hadi jumba la mihadhara, hadi maktaba, hadi getini. Mara ya kwanza akushike kiwiko. Mara ya pili atangulie yeye, nawe umfuate hatua kumi nyuma, kimya. Hapo ndipo pagumu kwako, kwa maana ataligonga pipa la takataka na utataka kukimbia. Usikimbie. Akishaligonga mara moja, pipa lile linakuwa alama yake. Mimi njia yangu ya maktaba naikumbuka hadi leo: lami inaisha, changarawe inaanza, mfereji uko kushoto, unapita harufu ya jikoni, unasikia jenereta, halafu sauti ya fimbo inabadilika kwa sababu ukuta umekaribia. Hakuna mtu angeweza kunipa njia hiyo kwa kunivuta mkono.

La pili ni kompyuta. Hapa nitarefusha kidogo, mnivumilie, kwa sababu nimeona vijana werevu kutoka shule zetu wakiangushwa na hili na si kingine. Shuleni alizoea nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa kwa vidole, mashine ya Perkins ya kuyachapia na kibao chake. Chuoni vitabu vingi anavyohitaji haviko kwa nukta nundu, na mhadhiri hawezi kusoma insha aliyoitoboa. Ataandika kwa kompyuta au atategemea watu. Kuna programu inaitwa NVDA, inasoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, na ni ya bure kabisa. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, kwa sababu zile zilizokuwapo zilikuwa za bei ya kuumiza. Inayo hata sauti ya Kiswahili. Matamshi yake yatamchekesha mwanzoni lakini masikio huzoea. Na kama simu yenu ni ya Android, TalkBack inapatikana kwenye mipangilio, haina haja ya kulipia. Tafuteni laptopu iliyotumika, hata ya kuazima, aanze wiki hii kujifunza kuandika kwa vidole vyote kumi. Vitufe vya F na J vina vijivimbe. Vidole vya shahada vikae hapo, vingine vitafuata.

Mjue pia kwamba vitini vingi ni picha za kurasa zilizopigwa skani. NVDA ikifungua picha haina cha kusoma. Awaombe wahadhiri faili lenyewe waliloliandika. Kwa vitabu vya karatasi kuna programu ya simu inaitwa Lookout, unaelekeza kamera kwenye ukurasa inasoma. Na akiambiwa maktaba kwamba kuskani kitabu kizima ni kosa, aseme kwa heshima kwamba Kenya iliingia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na mkataba huo uliwekwa mahsusi ili sisi tusioona tutengenezewe nakala za kusomeka bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki.

La tatu, barua. Aliyepokea simu yako anaweza kuwa yeyote, hata mlinzi. Andikeni barua kwa mkuu wa masuala ya wanafunzi na nyingine kwa mwenyekiti wa idara, mseme wazi: haoni kabisa, anatumia nukta nundu na kompyuta, anaomba kitanda cha chini katika hosteli za ndani, muda wa ziada wakati wa mitihani, na karatasi ya maswali kwa faili au kwa nukta nundu. Pelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe. Mimi sikuandika. Kwenye jaribio la kwanza nililetewa karatasi ya kawaida kama wengine wote. Mhadhiri akasema, "Wewe utafanya baadaye." Ile baadaye haikufika, na matokeo yalipobandikwa palikuwa na pengo mbele ya jina langu. Lilinichukua mwaka mmoja na nusu kuliziba.

Kwa baba mdogo: kusuka viti ni kazi halali, anayeipenda aifanye. Lakini huyu ana B+ ya Kiswahili na ameomba ualimu. TSC, tume ya kuajiri walimu, inaajiri walimu wasioona na kuna posho ya msaidizi wa kutusomea. Msaidizi wangu hunisomea insha za wanafunzi 140, naye analipwa kwa kazi hiyo. Mkaribishe baba mdogo shuleni kwetu siku yoyote aketi nyuma ya darasa.

Swali langu moja tu. Umeandika baba mdogo anasema nini, mwenye simu anasema nini, wewe unaogopa nini. Yeye mwenyewe anasemaje?

Baba Shiru, Njoro, amejibu:

Mwalimu ameongea na nimejifunza. Niongeze kutoka upande mwingine ili mtu mwenye mtoto kama wangu asisome hapa akadhani amekosea.

Binti yangu ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti cha magurudumu, mikono haina nguvu ya kujihamisha kutoka kitini hadi kitandani. Yeye anahitaji mtu, asubuhi na jioni, na huo ndio ukweli. Tulichofanya ni kumtafuta binti wa shangazi yake aliyepata D+ na alikuwa amekaa tu nyumbani. Tukamwandikisha kozi ya cheti katika chuo cha ufundi kilicho karibu, gredi hiyo inatosha. Wanakaa chumba kimoja. Asubuhi anamsaidia, anaenda masomo yake, jioni wanakutana. Mchana binti yangu anasukumwa na wenzake wa darasa. Kwa hivyo hakuna aliyepoteza miaka. Sisemi ilikuwa rahisi: mwaka wa kwanza darasa lake moja lilikuwa ghorofa ya pili, hakuna lifti, na wavulana wanne walimbeba na kiti chake wiki tano hadi idara ikahamisha somo chini. Nilienda kwenye ofisi ile mara sita. Mara ya sita nilibeba Katiba, kifungu cha 54, nikamwomba karani anisomee kwa sauti pale panaposema kuhusu kuzifikia taasisi za elimu.

Na mjue hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza shule au chuo kumnyima mtu kozi kwa sababu tu ya ulemavu wake, ikiwa ana uwezo wa kuisoma. Sasa kuna sheria mpya ya 2025. Usiwapigie kelele, waonyeshe.

Kuhusu kadi, fanya haraka. Anza na uchunguzi wa daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kwenu Kisumu ulizia hospitali ya Jaramogi, ile wazee wanaita Russia. Ripoti ikitoka ndipo unamsajili na Baraza, na afisa wao wa kaunti atakuelekeza ukikwama. Kadi si ya mapambo. Baraza lina mfuko unaosaidia karo na vifaa, fimbo na kompyuta vikiwemo, lakini waombaji ni wengi, ombeni mapema na mweke nakala za kila kitu. Kwenye maombi ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na ufadhili wa serikali, pale panapouliza kuhusu ulemavu jibuni, msione haya. Ulizeni pia kuhusu basari za eneo bunge na za kaunti. Na ikitokea chuo hicho kimeshindwa kabisa, KUCCPS hufungua muda wa kuhama chuo baada ya nafasi kutangazwa. Lakini hilo liwe la mwisho, maana kozi aliyoipata ndiyo aliyoitaka.

Fundi wa Kibuye ameandika:

Mwalimu, swali lako nililisoma jana usiku nikaweka simu chini. Ni kweli. Sijamuuliza. Nimeuliza watu wote Kisumu nzima na watu wa hapa, yeye sijamuuliza.

Leo asubuhi nimemsomea majibu yenu yote kuanzia juu. Nilipofika mahali pa pipa la takataka alicheka kwa sauti, akasema, "Huyo mwalimu amefika shuleni kwetu." Baba Shiru, Mungu akubariki, Alhamisi tuna zamu ya daktari Jaramogi. Mteja wangu mmoja ana laptopu ya mtoto wake ambayo haitumiki, nimekubali kumshonea mapazia ya nyumba nzima tupewe hiyo. Ndugu yangu ameomba aandike mwenyewe hapa, TalkBack tumeiwasha jana, kwa hivyo mkiona imechukua muda mjue ni yeye.

Fundi wa Kibuye ameandika:

Ni mimi ndugu yake. Naandika polepole mnisamehe makosa.

Mimi sitaki dada yangu ahame. Sikusema kwa sababu nikisema nitaonekana sina shukrani, na yeye ndiye aliyeninunulia redio, ndiye alilipa karo tangu mama aondoke. Nilikuwa nawaza hata nikatae nafasi ndiyo asihangaike. Naogopa mambo mawili tu. La kwanza kuvuka barabara kubwa mbele ya geti, kwa sababu bodaboda nyingine hazina sauti siku hizi, zile za umeme. La pili kompyuta. Shuleni zilikuwa chache na sisi wengi, mimi niliigusa labda mara kumi. Tumeweka NVDA jana. Inaongea sana na haraka sana, na kila nikigusa kitu inafungua kitu kingine, naogopa kuharibu laptopu ya wenyewe. Mwalimu, wewe ulianzaje?

Jumanne tunaenda chuoni kutembea hizo njia na kupeleka barua. Barua nimeitunga mimi, dada ameandika. Amesema atakaa hatua kumi nyuma. Nimemwambia nitasikia akikaribia.

Mwalimu wa Nukta amejibu:

Karibu sana, ndugu mwanafunzi. Makosa sijayaona.

Barabara hiyo usiivuke peke yako mwaka huu. Simama kando ukiwa umeinua fimbo ionekane, uliza kwa sauti, "Nani anavuka?" Getini hakukosekani mtu. Shika kiwiko chake, mkifika ng'ambo mwachie aende zake. Mimi bado nafanya hivyo Kakamega mjini kila Jumamosi.

Kompyuta huwezi kuiharibu kwa kugusa. Ikikuzidi maneno, bonyeza Control, itanyamaza papo hapo. Kasi punguza, dada atakuonyesha kwenye mipangilio ya sauti mara moja halafu utafanya mwenyewe. Sasa fanya hivi: shikilia Insert, bonyeza 1 iliyo safu ya juu. Kuanzia hapo kila kitufe utakachogusa kitakutajia jina, na kama ni cha amri ya NVDA, kazi yake pia, lakini hakitafanya chochote. Gusa vyote, safu kwa safu, kama unavyopapasa chumba kipya. Mimi nilikaa hivyo jioni tatu. Ukichoka, Insert na 1 tena, utatoka. Ukimaliza safu ya kwanza niandikie hapa umekuta nini.